Uzi wa Misa

Harufu ya ulimbo unaoungua juu ya chuma cha moto inanichosha hadi leo. Si harufu mbaya, ila hunirudishia uchovu wa kazi iliyofanywa kwa nguvu zote. Msimu ule wa mvua nyumba yetu ya Kasongo ilinuka hivyo kila alasiri. Umeme hatukuwa nao. Kaka yangu Ramazani alipasha bisibisi kwenye mbabula, jiko lilelile la makaa ambalo mama alipikia sombe ya majani ya muhogo, na ilipoiva ikawa nyekundu aliigusisha kwenye risasi ya kuungia nyaya tuliyoitoa ndani ya redio mbovu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilishika nyaya kwa koleo, moshi ukitupanda machoni, na kati yetu lilikaa kopo tupu la maziwa ya unga.

Tulikuwa tunatengeneza pedali, kile kisanduku ambacho mpiga gitaa hukikanyaga ili sauti ikwaruze na kunenepa. Ramazani alikuwa amekwenda kuomba nafasi kwa Papa Yuma, mkuu wa okestra iliyopiga kwenye arusi za mjini, naye alimsikiliza kidogo tu. “Gitare yako iko nalia kama mbuzi yenye njaa,” alimwambia. “Ulete sauti yenye kifua, halafu tutaongea.” Mama, aliyetulea peke yake kwa kuuza chumvi na mawese, alitoa neno lake jioni ileile. “Papa Yuma akikuchukua, unabakia hapa. Akikukatala, siku ya Ijumaa unapanda pikipiki ya mujomba wako, munaenda Salamabila, unachimba zahabu kama wenzako. Mimi nimechoka.” Hakuinua sauti. Mama alipokuwa hainui sauti, tulijua mambo yamekwisha.

Mchoro tulipewa na Deo, mpiga gitaa wa kwaya ya misheni, aliyekuwa ameunda pedali yake mwenyewe. Aliuchora kwenye karatasi ya daftari na kuandika maelezo kwa Kifaransa. Ramazani aliacha shule mapema, kwa hiyo Kifaransa kilikuwa changu. Nilikuwa wa kwanza darasani na sikumwacha mtu yeyote asahau jambo hilo. “Profesa, kuja usome,” kaka alikuwa akiniita, nami nilinawa mikono kwanza, kama mtu anayefungua kitabu kitakatifu. Pedali ya Deo ilikuwa na sauti ya adabu, ya kusindikiza nyimbo za ibada. Ramazani alitaka ya arusi. Akaviruka vidude viwili vya kioo vilivyokuwa kwenye mchoro na mahali pavyo akaunga vitaa viwili vyekundu vya redio. Kabla hatujafunika kopo, vilimetameta kila alipokandamiza nyuzi za gitaa, na sauti ikatoka nene, yenye mikwaruzo.

Ukabaki uzi mmoja wa kuunganisha. Kwenye mchoro ulitoka kwenye kopo lenyewe kwenda upande wa chini wa betri, na pembeni Deo alikuwa ameandika maneno machache: *boîte à la masse*. Lakini herufi zake za a zilifanana na e, na mimi nikasoma *messe*. Misa. “Yaya, huu uzi iko wa misa,” nilimweleza kaka bila kusita. “Wanaufunga wakati wanapiga ku kanisa.”

Ramazani alicheka. “Basi tuuache. Sisi watu wa musikiti tutaupeleka wapi? Deo atasema tumemwibia sala.”

Kwa Deo hapakuwa mbali. Lakini kwetu, mtoto wa Kiislamu hakwenda nyumbani kwa Wakatoliki kuwahoji juu ya misa yao. Ilikuwa ni kukosa adabu. Tuliwaheshimu majirani kwa kutouliza. Tulijaribu pedali kwenye redio yetu ya betri, na mama akasimamisha mchi hewani. “Hii sasa iko na kifua,” alisema. Sijamwona tena na uso ule.

Siku ya Alhamisi, ukumbini kwa Papa Yuma, spika zilitumia umeme wa jenereta. Ramazani alipochomeka waya, kopo likanguruma kama mzinga wa nyuki, na ndani ya ngurumo ikasikika sauti ya mtangazaji wa redio ya mjini akisoma matangazo.

“Kijana,” Papa Yuma alisema, “nimekuomba gitare, umeniletea redio.”

“Mumuache amalize habari,” mpiga ngoma alidakia, na ukumbi mzima ukacheka.

Ramazani alishika kopo na ngurumo ikatulia; alipoliachia ikarudi. Basi akavua ndala, akalikandamiza kopo kwa unyayo, akapiga wimbo mzima hivyo. Alipiga vizuri. Hilo nalisema kama shahidi, si kama dada. Kila alipogeuka kidogo mguu uliteleza, na mtangazaji akarudi. Papa Yuma alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamshika bega. “Mukono iko. Lakini arusi ya watu siwezi kupeleka kitu hii.” Kesho yake, baada ya swala, mjomba alikuja na pikipiki.

Miaka minne baadaye, kwenye somo la fizikia, mwalimu aliandika neno lile la Deo, *masse*, ubaoni na kueleza kwamba ndilo jina la uzi unaokinga chombo dhidi ya kelele na kurusha umeme. Ramazani alipokuja kututembelea nilimwambia. Alikuwa anakula.

“Nilijua,” alisema. “Mwezi uleule. Pompi ya maji ya kwanza kule ilikuwa narusha watu na umeme. Nikafunga uzi ule, ikatulia.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungelia.” Akajiongezea mboga.

Siku hizi Kasongo ina mapaa mengi yenye sahani za umeme wa jua, na vijana hupata sauti yoyote ya gitaa ndani ya simu. Ramazani yuko bado Salamabila. Hachimbi, anatengeneza pompi zinazovuta maji mashimoni, na watu humfuata kutoka mbali. Wapo wanaosema kopo lile lilimwokoa, maana lilimpa ufundi. Inawezekana. Mama hupenda kusikia hivyo, nami humwambia. Mwezi uliopita binti yangu alikuwa anajaza karatasi ya shule, akaniuliza mjomba wake Ramazani anafanya kazi gani. Nikasema, “Andika fundi wa pompi.” Aliandika bila kuinua kichwa, akaendelea na swali lililofuata.