Fundi wa Kufuli Aachana na Sukari

Mkewe alipoanza kufungia biskuti kabatini, fundi hakugombana naye. Alikuwa ametengeneza kufuli miaka ishirini na sita. Ile ndogo ya kabati aliifungua kwa kipande cha waya huku anasikiliza taarifa ya habari, akala pakiti mbili, akaifunga tena. Alichosahau ni chenga za biskuti ndevuni.

"Baba watoto, unaniibia ndani ya nyumba yangu?" mkewe aliuliza, nusu anacheka.

Kicheko kiliisha alipougua. Nyayo zikawa zinawaka moto, macho yakaingia ukungu, funguo akawa anazichonga kwa kupapasa. Daktari alimpa dawa ya kisukari na karatasi ya mlo. Aliifuata siku nne. Siku ya tano alikula mkate mweupe mzima, mkavu, amesimama, kisha akatoka kwenda kununua mwingine. Hakuwa na njaa. Hilo ndilo lililomtisha.

Shemeji yake akampeleka kwenye kikundi kilichokutana nyuma ya zahanati: watu tisa ambao wakishaonja sukari au unga mweupe hawajui pa kuishia. Huko alipata wa kumsimamia, mwalimu mstaafu, mama asiyepoteza maneno. Milo mitatu, bila sukari, bila unga uliokobolewa, bila kudokoadokoa. Na kila siku saa kumi na mbili asubuhi apige simu kusema atakula nini.

"Mayai mawili asubuhi. Mchana maharage na mboga. Usiku samaki."

"Maharage kiasi gani?"

"Kikombe kimoja, mwalimu."

"Haya. Kesho." Simu ikakatwa.

Wiki za mwanzo kichwa kilimgonga na hasira zilikuwa puani. Alimfokea binti yake kwa kukoroga chai kwa kelele. Kisha mambo yakatulia, na kufikia mwezi wa nne akawa anasoma namba ndogo za kwenye funguo bila kuazima miwani.

Mwezi wa tano aliitwa kwenye duka la mikate; ufunguo ulikuwa umevunjikia ndani ya kitasa cha stoo. Kazi ya dakika kumi ilimchukua nusu saa, maana tanuri lilikuwa nyuma yake tu. Alipomaliza, mwenye duka akamletea sahani ya keki za moto.

"Karibu, fundi. Usinikatalie."

"Nashukuru, dada. Hizi zikinishika haziniachi."

"Kamoja tu jamani!"

Alitoka nje, akampigia mwalimu.

"Umekula?"

"Bado."

"Mwambie akuletee vifaa hapo nje. Usirudi ndani."

Dada yule akamletea mkoba, na juu yake keki mbili kwenye karatasi. Hakufika nazo kwenye kona.

Kesho yake alipiga saa ile ile. "Nilikula, mwalimu. Mbili."

"Halafu?"

"Halafu mlo wa mchana, kama nilivyokuambia."

"Zamani ungefanyaje?"

"Ningerudi kununua."

"Haya. Leo unakula nini?"

Huu ni mwaka wa tatu. Daktari amempunguzia dawa, hajamwachisha. Nyayo zake bado huwaka siku nyingine. Kwenye harusi hubeba chakula chake kwenye kopo, na ndugu humuuliza kama anasafiri. Huwaacha wacheke, akaendelea kula.