Vichwa Vinne vya Shaba

Mume wangu Maduhu alikuwa dereva wa mzee Akida, mfanyabiashara wa ngozi pale Shinyanga mjini, miaka ile dhahabu ya Geita ilipoanza kula watu. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu kuliko sisi sote. Mzungu wa kwanza alilichoka, wa pili likamchoka yeye, ndipo Akida akalinunua. Likinguruma, kuku wa kijijini kwetu Ibadakuli walitaga kabla ya siku zao, na ng'ombe mmoja wa jirani, naapa, alikimbia mpaka Tabora akarudi kwa treni. Usiku lililala kwetu, uani kwa baba mkwe wangu, mzee Mabula, maana Maduhu aliogopa wezi wa mjini.

Mwizi alikuwa analala naye kitanda kimoja.

Nilikuwa na miezi minne tangu niolewe, na ngoma za mavuno zilikuwa zimepamba moto. Wenzangu walikuwa na njuga za shaba miguuni. Mimi nilikuwa na miguu tu. Siku moja nikilifuta gari vumbi, nikaona nyuma ya taa za mbele vichwa vinne vidogo vya shaba, kila kimoja kama punje ya hindi, vimeshika ncha za nyaya. Vinang'aa! Nikavichomoa. Nikavigonga kwa jiwe, nikavitoboa kwa msumari, nikavifunga mguuni. Mayo, mama yangu! Vililia kuliko njuga za wote. Jumamosi ile nilicheza mpaka vumbi likapanda kwa Mungu kunishitaki. Maduhu hakujua kitu, kwani gari halikuwa likitembea usiku.

Alhamisi yake, jua la utosi, likaja lori la chumvi. Theonest, dereva wake, alishuka kofia mkononi.

"Mzee Mabula, shikamoo."

"Marahaba. Mbona umevua kofia?"

"Shimo limemfukia Bujiku. Jana jioni. Wamemtoa, lakini amekwisha."

Bujiku alikuwa kaka yake Maduhu, mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Mzee hakulia. Aliuliza mwanawe yuko wapi.

"Banda la mgodi. Kesho jua likichomoza wanazika hukohuko. Hawangoji mtu, wanasema joto."

Kwetu mtoto wa kwanza analazwa zizini, miguuni pa babu yake, ng'ombe wamkanyage na kumtambua. Mzee Mabula akachukua jembe. "Maduhu, niletee mwanangu. Shimo lake nalichimba mimi."

Akida hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitoa gari, akatoa na madebe mawili ya petroli. Maduhu, kabla ya kuondoka, akajaribu taa kwa sababu njia ya Geita ingemchukua usiku kucha. Giza. Akachungulia nyuma ya taa, akaona nyaya zinaning'inia kama mikia ya mijusi.

"Si uende hivyohivyo ungali mchana?" Theonest akamwambia.

"Baada ya Kahama hakuna fundi. Kuna msitu na fisi. Natafuta vichwa hapahapa."

Alivitafuta kuanzia saa nane. Mhindi wa dukani alicheka: "Vya gari hili? Labda Mombasa. Njoo baada ya miezi mitatu." Abdu, fundi wa karakana ya reli, alimpa vyake, vinene kama kidole gumba, wakavipiga tupa mpaka kimoja kikapasuka mkononi. Akazisokota nyaya kwa mkono, akazifunga kwa kitambaa. Zilikuwa zimezeeka, zinakatika kama majani makavu. Mtikisiko wa kwanza, zikagusa bati, moshi ukafuka.

Na mimi? Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa msiba, vichwa vimefungwa kwenye pindo la kanga yangu. Nilijua. Kila aliporudi mikono mitupu nilijua. Lakini bibi harusi mwizi hurudishwa kwao, na ng'ombe wangu wa mahari baba yangu alishawagawa kwa watu. Nikaendelea kusonga.

Saa kumi na moja nilimkuta nyuma ya ghala analia, mdomo kaufunga kwa kiganja ili baba yake asisikie.

"Bwana," nikamwita.

"Nenda kapike, Mageni."

"Tazama mkononi mwangu."

Akatazama. Akavigeuza kimoja kimoja, akaona matundu ya msumari.

"Tangu lini?"

"Tangu ngoma ya Jumamosi."

"Na leo, tangu saa nane, ulikuwa navyo?"

"Nilikuwa navyo."

Nilingoja kofi. Halikuja. Alikwenda kuvinyoosha kwa koleo. Viwili vilikuwa vimepasuka, viwili vikakubali. Taa moja ikawaka, ya kulia. Jua likizama aliondoka na gari lake chongo.

Mengine aliyasimulia mwenyewe. Kupita Kahama, upande wa kushoto uliokuwa gizani ulikuwa na korongo. Gari likaingia. Alilala humo mpaka wenye ng'ombe walipokuja asubuhi kulivuta. Geita alifika saa saba mchana, akaonyeshwa kaburi moja bichi la watu watatu.

"Wangu ni yupi?" akamuuliza mnyapara.

"Wa katikati," yule akasema. Kisha akafikiri. "Au wa mwisho."

Aliomba kufukua. Walimfukuza kwa viboko.

Jumapili alirudi. Mzee Mabula alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo lake pale zizini, siku ya tatu bila kula.

"Yuko wapi?"

"Sikumkuta, baba. Nilichelewa. Taa."

"Gari la siku zote! Taa zilikuwa na nini?"

Maduhu alichutama kando ya shimo. Hakunitazama, na hapo nikajua kwamba angesema kosa ni lake, hakukagua. Mzee angemfukuza siku ileile. Basi ulimi wangu ukamtangulia.

"Ni panya buku, baba," nikasema, magoti chini. "Nilimwona kwa macho yangu, mkubwa kama mbwa. Alivitafuna vile vyuma vya taa mpaka meno yakabaki ya shaba."

Mzee akaniamini. Shimo likafukiwa likiwa tupu, na kesho yake akatoa amri: panya wote wa boma lile wauawe, mpaka apatikane yule. Tulichimba mashimo, tukawasha moshi, tukatega. Maduhu alitega pamoja na baba yake, bega kwa bega, akijua.

Siku ya kumi alikuja na mmoja mkubwa, kamshika mkia. Akamweka miguuni pangu, mzee akiwa amesimama karibu.

"Ndiye huyu, Mageni?" akaniuliza.

Nikasema ndiye.