Kobe wa Njia ya Kokoto

Harufu ya tope lililoanza kupata joto ndiyo iliyotupokea kila tulipofungua milango ya gari. Hifadhi ile ya kinamasi ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwenye fleti yetu ya Silver Spring, huko Marekani, na majira yale ya kuchipua, mwishoni mwa miaka ya tisini, baba alitupeleka huko kila Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa na miaka tisa. Mwezi wa pili mama alikuwa amerudi kutoka hospitali bila mtoto tuliyemngojea, na tangu hapo alisema yale tu ya lazima: kula, vaa koti, funga mlango. Baba hakujua la kufanya, akaona afadhali tutembee.

Mwezi Machi miti ilikuwa bado mitupu, na vyura wasiozidi ukucha walipiga kelele hadi masikio yakavuma. Aprili majani mapana yalichomoza majini, korongo wa kijivu akasimama kimya kuvizia samaki. Mama alivipita vyote hivyo macho chini, mikono mfukoni.

Jumapili moja mwishoni mwa Mei, mawingu yakiwa yamejikusanya, tulimkuta kobe mkubwa kwenye njia ya kokoto, akichimba kwa miguu ya nyuma. Nilisema, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, kwamba amekwama.

"Hajakwama," mama alinijibu. "Anataga."

Akavua kitenge chake begani, akakitandaza kwa mikono miwili na kusimama mbele ya kobe. Wapanda baiskeli wawili walipotokea aliwatikisia kichwa, nao wakashuka wakapitia majanini. Kisha mvua ikamwagika.

"Mama Rehema, twende, utaugua," baba alimsihi.

"Nenda na mtoto garini. Mimi nangoja amalize."

Baba hakwenda. Alifungua mwavuli akasimama nyuma yake, nami nikajibana kati yao, nikitazama mayai meupe yakidondoka shimoni. Kobe alipomaliza alifukia, akajivuta kurudi majini bila kugeuka.

Hapo mama akalia kwa sauti. "Mimi wangu hata sikumshika," alisema.

Baba alimsogezea mwavuli. "Nilimshika mimi," akasema. "Ulikuwa umelala. Alikuwa na vidole virefu, kama vyako."

Mama akamgeukia. "Na hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Basi niambie sasa."

Akamweleza, palepale mvuani, hadi viatu vyetu vikajaa maji.

Sasa mimi ni mkunga. Zamani zile bado walikuwepo waliodhani kumficha mtoto ndiko kumhurumia mama; katika wodi yetu wazazi waliofiwa hupewa chumba chao na mtoto wao, wakae naye watakavyo. Mwaka jana mama alikuja kunitembelea kazini, nikamwonyesha chumba hicho. Alisimama mlangoni kitambo, akitazama kitanda na dirisha.

"Na baba wa mtoto anakaa wapi?" aliniuliza.

Nikamvutia kiti kilichokuwa nyuma ya mlango. Akakaa.