Mvua Iliyokuwa kwenye Picha ya Mohamedi

Siku ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu: "Unaogopa giza?" Aliyeuliza ni Bwana Athumani, mpigapicha wa habari wa upande wetu, mtu mfupi mwenye kamera mbili shingoni. Nilikuwa binti wa Mchukwi, nimemaliza shule juzi tu, nikamjibu kwa kiburi kwamba kwetu hata taa hatuna. Akacheka, akaniingiza kwenye stoo moja pale Kibiti iliyozibwa madirisha kwa blanketi nyeusi.

Ndani mlikuwa na taa nyekundu na trei tatu. Ya kwanza ina dawa ya kusafishia, yaani ya kuitoa picha. Ya pili maji. Ya tatu dawa ya kukaza, ili picha isiungue ikikutana na mwanga. Akatumbukiza karatasi nyeupe. Mara likatokea jicho, halafu la pili, halafu bibi mzima wa Dimani na ungo wake wa mpunga. Nilisema bismillahi. Nyie mnaobonyeza simu na kuiona picha hapo hapo hamtanielewa, wala siwalaumu. Mpaka nastaafu, kila uso ulipojitokeza kwenye ile dawa mwili ulinisisimka.

Bwana Athumani alianza kwa kuwabebea mizigo wapima ramani, akajifunza kamera kwa kuwatazama. Nimemwona wakati wa mafuriko amesimama maji kifuani, kamera moja kichwani, kwa nyingine anapiga picha kama yuko sebuleni kwake. Lakini kilichonishangaza zaidi ni bahasha zake. Kila mkanda wa filamu ukishasafishwa aliutia kwenye bahasha na kuandika juu yake, kwa penseli, jina la kila mtu aliyemo, mahali, na hali ya hewa. Bwana Mhariri kule Dar es Salaam alimlalamikia kwa simu kwamba picha zinachelewa kwa ajili ya majina ya watu wasiojulikana. "Ndiyo maana nawauliza, mkuu," akamjibu.

Mwaka wangu wa pili akanichukua deltani, mto unapoingia baharini, kuwapiga picha wakata mikoko. Asubuhi tulikuta wanaume sita wanapakia boriti kwenye mashua. Wa mbele kabisa, anayecheka, aliitwa Mohamedi. Wakaondoka. Kwa kuwa joto la kule huharibu filamu, tuliisafisha jioni huko huko kwenye chumba cha kuazima, na kazi ya kuisuuza akaniachia mimi.

Nikateka maji mtoni. Mimi nimekulia kando ya barabara, si mtoni; maji ya mto kwangu ni maji ya mto. Sikujua kwamba kule mto una saa zake: maji yakipwa yana nafuu, yakijaa ni bahari tupu. Kuuliza si ujinga, nami niliona haya kuuliza. Mkanda ulipokauka ukafanya ungaunga mweupe. Nikaufuta kwa pindo la khanga, na punje za chumvi zikaukwaruza toka juu hadi chini.

Kesho yake habari ikafika. Jioni ile ile mashua ilipinduka kwenye mlango wa mto, na watano wakaokolewa. Mohamedi hakuonekana, wala maiti yake. Siku ya tatu mkewe, Bi Mwanahawa, akaja pale tulipofikia na mtoto mchanga mikononi. Alikuwa ametoka kijiji cha mbali, kwa mama yake, alikokwenda kujifungua. Aliuliza kama ni kweli mumewe yumo kwenye kamera. Picha yake nyingine hakuwa nayo, na mtoto hakuwahi kumwona baba yake.

Nilimwonyesha Bwana Athumani mkanda, nikamweleza nilivyofanya. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alimwomba mwenyeji wetu maji ya mvua ya kunywa, akausuuza upya, akibadilisha maji mara saba. Tuliporudi Kibiti akatoa picha. Uso ulitoka, alhamdulillahi, hadi pengo la jino linaonekana, lakini picha nzima ilikuwa imepitiwa na michirizi myeupe. Bwana Mhariri aliikataa. "Haifai gazetini hii."

"Utampelekea wewe, Saada," akaniambia Bwana Athumani. "Na utamwambia kilichotokea."

Nikaenda. Bi Mwanahawa aliishika kwa mikono miwili, akaitazama mpaka mtoto akaanza kulia.

"Kumbe kulinyesha siku hiyo," akasema. "Mimi sikuwepo."

"Ndiyo, dada," nikasema. "Kulinyesha."

Niliporudi nikamwambia bosi wangu nilivyojibu. "Basi utarudi," akasema. Hakuligusia tena jambo hilo maisha yake yote.

Sikurudi. Nilipelekwa Mloka kupiga picha mashamba yaliyovunwa na tembo kabla ya wenyewe. Nikahamishiwa makao makuu chini ya Mhariri Mkuu asiyejua hata kupachika filamu, nami mwishowe nikawa Mkuu wa Chumba cha Picha. Nilifundisha vijana wengi kuandika majina. Wanasema njia ya mwongo ni fupi; yangu ilifika hadi kustaafu.

Bwana Athumani alipofariki, wanawe waliniletea masanduku ya bahasha zake. Siku tatu nilikaa barazani nikisoma majina. Wakulima, wavuvi, wakunga, watu ambao sidhani kama waliandikwa popote pengine, na yeye aliwaandika wote bila kumruka hata mmoja. Ndipo nikaikuta bahasha ya delta. Majina sita, la Mohamedi likitangulia, na chini yake: "Jua kali. Hakuna wingu."

Asubuhi nikasafiri deltani. Bi Mwanahawa alikwishatangulia mbele ya haki. Alinipokea yule mtoto mchanga, Zainabu, sasa mama mtu mzima mwenye watoto wake. Picha ilikuwa ukutani, ndani ya kioo.

"Shikamoo, mama. Huyo ni baba," akasema. "Aliondoka na mvua."

"Marahaba, mwanangu. Hakukuwa na mvua." Nikamweleza yote, maji, khanga, na jibu nililompa mama yake. "Nilimdanganya. Nisamehe."

Aliishusha picha, akapitisha kidole juu ya kioo, mchirizi mmoja mmoja.

"Maji ya wapi hayo uliyosuuzia?"

"Ya mto huu. Yalikuwa yanajaa."

"Jioni ile ile?"

"Jioni ile ile."

"Hatukumzika, unajua. Mama hakuwa na kaburi la kwenda kumsomea dua." Akakifuta kioo kwa khanga yake, taratibu. "Basi ndiyo maji yake haya."

Halafu akaitoa picha kwenye kioo, akaigeuza, akanipa. "Niandikie nyuma," akasema. "Jina lake, na kwamba kulikuwa na jua."

Nikatoa penseli kwenye mkoba, nikaandika.