Mama wa Kwenye Barua

Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusomea uuguzi Uganda. Walitaka barua ya mtu anayenifahamu, kwa Kiingereza, na zilibaki siku tatu. Nilimfikiria mzee aliyekuwa mkuu wa shule yetu ya msingi pale Bihambwe. Kwetu Kongo, anayeomba ndiye huandika mwenyewe. Mkubwa anaweka tu sahihi na kugonga kashe, yaani muhuri wake.

Niliichapisha mjini Sake. Juu kabisa niliweka "To whom it may concern", maneno wanayotumia Waingereza wasipojua jina la atakayesoma. Nilikuwa nimeyahakikisha kwenye simu mara tano, nikajiona msomi kwelikweli.

"Barua hii iko ya nani?" mzee akauliza. Nikamtafsiria: ya yeyote inayemhusu. Akavua miwani.

"Yeyote njo nani? Hata muntu wa bunduki iko yeyote. Barua yenye haina mwenyewe, mi siwezi kusinye, kuweka sahihi yangu, mutoto wangu. Kulikuwaka moja nilisinye, ikatembeatembea, ikafika kwa batu ba bunduki, bakakuja kuniuliza juu ya nini niko namushuhudia fulani."

Kubishana naye nisingethubutu, na kwenye matangazo ya chuo hapakuwa na jina la mtu hata mmoja. Kesho yake nikarudi na barua nyingine: "Dear Mrs", kisha jina la mwanamke nililolitoa kichwani mwangu. Akalisoma kwa sauti mara mbili, akaridhika, akagonga kashe.

Ndiyo niliyoituma, maana ndiyo iliyokuwa na muhuri. Hapo nikaanza kuteseka. Wakiona jina la mtu wasiye naye, si watadhani barua ni ya chuo kingine? Jumapili mzee akasimama kanisani, akamwomba Mungu amlainishe moyo yule mama, na jina langu la uongo akalitaja lote. Watu wakasema amina. Mimi niliisema kwa nguvu kuliko wote, kwa woga.

Wiki tano sikuachana na simu, hata jikoni. Kisha jibu likaja: nimekubaliwa. Aliyeweka sahihi alikuwa mwanaume, na habari ya mama yule hakuigusa. Nilifurahi hadi nikalia, kisha nikaona aibu.

Siku ya safari nilimkuta mzee ananingoja kando ya barabara na furushi. Ndani mlikuwa na jibini nzima, ya ng'ombe wake.

"Iko ya ule Mama. Umuambie hatutamusahau."

Nilifungua kinywa nikiri. Mwenye pikipiki aliyenibeba akapiga honi. Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Nitamufikishia, Papa."

Sasa niko mwaka wa pili. Kila nikimpigia, anauliza kwanza habari za yule mama, ndipo aulize zangu, nami husema hajambo, anakusalimu. Wiki jana nilichoka, nikamwambia amehamishwa kazi, yuko mbali. Mzee akaniomba namba ya simu ya mama huyo.