Tundu la Nyuma ya Wofa Bediako

Hapa Kumasi ukimwita Frempomaa fundi wa kompyuta, atakukatalia. "Mimi ni wa kuta," husema. Mvi zimemtoka na testa mkononi, kidude mfano wa rimoti, na hakuna tundu la ukutani analoliamini kabla ya kulipima. Taa ya kijani, mtandao upo. Nyekundu, hiyo ni laini ya simu. Isipowaka, tundu ni pambo tu.

Siku ya kumuaga mama yangu mdogo Konadu ukumbini, nilimwita yeye. Binti pekee wa marehemu, Afrakoma, alikuwa amelazwa hospitali huko Hamburg, kapasuliwa juzi tu. Kwenye simu zetu picha zilikwamakwama, watu wamejaa mno. Asipomwona mama yake kwenye skrini kabla jeneza halijafungwa, basi tena.

"Chomeka hapo jukwaani, intaneti hiyo. Nakuapia!" alisema Kyeremeh, mtunza ukumbi.

Frempomaa akapima. Nyekundu.

"Unaapia simu, kaka. Ikipigwa tu, umeme wa kengele unaunguza kompyuta ya watu."

Akapima mengine yote. Patupu. Likabaki moja, nyuma ya kiti cha Wofa Bediako, yaani mjomba, mkuu wa ukoo wetu na kaka wa marehemu, katikati ya safu ya wazee.

"Penya tu, dada, muda unakwisha!" nikamhimiza.

"Niwapenye wazee msibani bila kuwapa mkono? Wewe umelelewa wapi?"

Alaa! Akaibana testa kwapani, akaanzia kulia mwa safu, mkono kwa mkono, pole kwa pole, bila haraka hata kidogo. Wabebaji walishavaa glovu zao. Wallahi nilitamani kumsukuma.

Wofa akaushika mkono wake. "Haya, umekuja na lipi?"

"Wofa, Afrakoma anataka kumuaga mama yake. Njia yake umeikalia."

Nikasema leo tumekwisha. Wofa akacheka mpaka nguo yake nyeusi ikamteleza begani, akanyanyuka, akakisogeza kiti mwenyewe.

Kijani!

Klipu ya waya wa kompyuta ilikuwa imevunjika, haukai tunduni, basi Frempomaa akakaa sakafuni, akaushikilia kwa kidole. Afrakoma akatokea kwenye skrini. "Mama!" aliita, na ukumbi ukaangua kilio, mimi wa kwanza. Kisha akamwona mjomba wake.

"Wofa, na goti lako hilo, mbona umesimama?"

"Nimekupisha, mama," alisema. "Muage taratibu."