Siku Chango Liliponyamaza

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, niliamini kwamba chango ni mnyama anayeishi tumboni mwa wanawake. Bibi yangu, mzaa mama, ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji chetu karibu na Wamaza, na alilizungumzia chango kama mtu anavyomzungumzia mbwa wa jirani: limeamka, limelala, leo lina hasira. Maumivu yale yanayomrudia mzazi baada ya kujifungua, watu wakidhani kazi imekwisha, ndiyo aliyoyaita chango.

Mama alipomzaa mdogo wangu Amuri, mtoto wake wa nne, chango lilikuwa kali. Bibi hakushangaa. Alisema kwa mtoto wa kwanza huwa bado halijajua njia, lakini kila uzazi linazidi nguvu. Alimkanda Mama kwa maji moto, akamfunga tumbo kwa kitambaa, akakesha naye.

Kesho yake ilikuwa siku ya kapita, msimamizi wa pamba, kukagua mashamba. Ulikuwa wakati wa Wabelgiji, na kila nyumba ilikuwa na shamba lake la pamba, upende usipende. Kapita akikuta shamba halina mtu, mwenye shamba alichapwa. Baba alikuwa amechukuliwa kwenye kazi ya barabara, na Mama hakuweza hata kusimama. Basi Bibi akachukua jembe la Mama aende kusimama mahali pake. Kabla ya kutoka alinikalisha mlangoni.

“Feza, sikia,” akasema. “Chango iko inatafuta mutoto. Haijue kama amesha zaliwa. Akinyonya, inamusikia, inatulia pole pole. Usimutoe mutoto kwa mama yake, hata mama alie namna gani. Chango ikikosa mutoto, itatoka na damu kumutafuta inje.”

Nikaitika. Nilikuwa hodari sana wa kuitika.

Lakini mtoto naye ana akili zake. Nilikaa pale nikatazama, nikaona kwamba kila Amuri aliposhika titi, Mama aliuma pembe ya kitenge na jasho likamtoka. Amuri akiacha, Mama anapumua. Nikaamua mwenyewe kuwa anayemtesa mama yangu ni huyu mdogo mwekundu aliyefika jana. Jua lilipofika utosini Mama akasema, “Feza, mwanangu, nimechoka.” Hakuniambia nimchukue mtoto. Nalisema hili wazi kwa sababu kwa miaka mingi nimejitahidi kukumbuka kwamba aliniambia.

Nilimbeba Amuri hadi jikoni, nyuma ya nyumba. Kulikuwa na maji ya mchele kwenye sufuria. Nikachovya kidole, akanyonya kidole, akalala. Ndani nako kukawa kimya. Nilichungulia, nikamwona Mama amelala na uso wake umekunjuka, mzuri, kama siku za sikukuu. Nikarudi jikoni nikiwa na fahari tele. Nilikuwa nimelishinda chango ambalo Bibi mwenyewe hakuliweza.

Bibi alirudi jua likiwa limeinama. Alisimama katikati ya kiwanja kabla hajaona lolote, akasikiliza.

“Chango imenyamaza tangu wakati gani?”

Nikamjibu, tangu saa sita. Akaacha jembe lianguke. Alimnyakua Amuri, akaingia, akambandika titini mwa Mama, akaanza kulikanda tumbo kwa mikono miwili huku akisema nalo kama mtu: “Mutoto huyu hapa. Huyu hapa.” Alipofunua blanketi niliona mkeka umelowa hadi chini kwenye udongo. Amuri akanyonya. Mama hakuguna. Mimi niliyeomba tangu asubuhi aache kuguna, nikaomba agune hata mara moja tu.

Alifariki kabla ya jua kuzama. Watu walipojaa kiwanjani na kuuliza, mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa. Bibi akaniwekea Amuri mikononi, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, “Mimi njo nilisema mutoto atolewe, mama yake apumuzike.” Wakaamini kuwa ni yeye. Tangu siku ile hakuna nyumba iliyomwita tena kuzalisha.

Nilipokua nilikwenda Kasongo, masista wakanifundisha ukunga. Sista alichora tumbo la uzazi ubaoni, akatuambia maumivu yale kwa Kifaransa ni tranchées: tumbo linajikaza ili lifunge mishipa ya damu, na mtoto anaponyonya ndipo linapoamshwa kujikaza. Wenzangu waliandika. Mimi niliuliza, na mtoto akiondolewa? Akajibu kuwa damu baada ya uzazi ina sababu nyingi, hatuwezi kusema ni hiyo peke yake. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimewaambia hivyo wazazi wengi. Ila sista hakujua habari za maji ya mchele.

Hadi leo, mzazi akinyamaza wodini nasimama kwenda kumtazama. Anayeguna simhofii.

Nilipoyajua hayo Bibi alikuwa amekwisha kuzikwa, sikuwahi kumshukuru. Amuri alikua akikataa chakula cha mkono wa Bibi, kwa yale aliyoyasikia kijijini. Sasa ni mzee kama mimi. Juzi tulipalilia makaburi. Akapalilia la Mama mpaka likang'aa, akaruka la Bibi kama kawaida yake, nami nikalipalilia peke yangu nikiwa kimya, kama kawaida yangu.

Nimemwita aje kesho asubuhi. Nitampikia wali, nimngoje ale ashibe, kisha nimwambie ni nani aliyemtoa kwa Mama.